Korongo Wawili wa Mwalimu

Mwalimu alikula kumbikumbi kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na kalamu. Ndivyo anavyonijia kila ninapomkumbuka: amesimama juu ya kichuguu kilicho mpakani mwa shamba lake na letu, mabuti ya mpira miguuni, koti la suti lililowahi kuwa jeusi, mfuko mmoja umevimba kwa kumbikumbi waliokaangwa, daftari amelilaza juu ya nguzo ya ua. Anatazama bondeni. Anatafuna. Anaandika. Tarakimu moja tu kila asubuhi, na kwa miaka niliyomjua vizuri tarakimu hiyo haikubadilika. Mbili.

Hao wawili walikuwa korongo, wale wenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, ambao hutembea kama watu waliovaa nguo za kuazima na hawataki zichafuke. Bonde letu liko kati ya Kitale na Bungoma, chini ya barabara. Ukipita kwa gari utaona matete na maji kidogo, kisha utaona mahindi, na utasahau. Watu wazima walisimulia kwamba zamani korongo walishuka pale makundi kwa makundi, hata mtoto hakuinua macho kuwatazama. Mimi nilikuta wawili.

"Mwalimu, leo wanafunzi wako wa miguu mirefu wamefika wote?" vijana wa boda walimpigia kelele kutoka barabarani.

"Wote. Hakuna mtoro."

"Na wakikosa utawachapa?"

"Nitawachapa nyinyi."

Walicheka. Yeye hakuwa anatania.

Alitufundisha sayansi na Kiswahili, na mara nyingi hukuweza kujua somo moja limeishia wapi na lingine limeanzia wapi. Siku moja aligawanya ubao kwa mstari. Upande huu aliandika KUMBIKUMBI, upande ule KORONGO. Kwanza alihakikisha tumeelewa kwamba kumbikumbi ni mchwa yule yule tunayemlaani shambani, ila ameota mabawa ili akaanzishe kwake. Kisha akajaza. Chini ya kumbikumbi: mayai, maelfu kwa siku moja. Chini ya korongo: mayai mawili, bahati ikiwepo matatu, kwa mwaka. Kumbikumbi: huruka mara moja maishani, mabawa yakaanguka. Korongo: huruka siku zake zote, akiwa na mwenzake yule yule. Makao ya kumbikumbi: popote penye udongo. Makao ya korongo: hapo hakuandika kitu, alielekeza tu chaki dirishani, bondeni.

"Nikiua kumbikumbi mmoja, nini kitabadilika?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Nikiua elfu moja?"

"Utashiba, Mwalimu," alisema mvulana mmoja wa nyuma, na darasa zima likaangua kicheko, Mwalimu mwenyewe akageukia ubao ili tusimwone akitabasamu.

"Na nikiua korongo mmoja?"

Hatukujua jibu analotaka.

"Mwenzake atasimama pale," alisema. "Atasimama tu, hajui la kufanya. Hilo ndilo litakalobadilika." Akafuta ubao kabla hatujamaliza kunakili.

Hakuchapa mtoto kwa kukosea hesabu wala kwa kuchelewa. Alichapa kwa uongo, na alichapa sana. Mtoto akisema daftari limeliwa na ng'ombe, Mwalimu alitaka kujua ni ng'ombe wa nani, wa rangi gani, na jioni angepita kwao kumwangalia huyo ng'ombe. Kwa hiyo ilitushangaza kumwona, msimu wa mvua ulipokaribia, akipiga magoti kwenye kichuguu kuwadanganya mchwa.

Kwetu kila kichuguu kina mwenyewe. Unaweza kukata kuni kwa jirani, ukachota maji kwa jirani, lakini kichuguu cha mtu huwezi kukigusa. Kile cha mpakani kilikuwa nusu chetu na nusu cha Mwalimu, na baba yangu alipokuwa hai walikipiga pamoja. Unafyeka majani, unakunja fito juu ya matundu, unafunika kwa majani ya mgomba na blanketi kuukuu ili ndani pawe giza, unaacha mlango mmoja mdogo na chini yake unatega sufuria. Kisha unakaa na vijiti viwili na kuvipiga juu ya ubao mkavu, taratibu, bila kubadilisha mwendo, mchana kutwa. Mchwa huko chini husikia mvua. Hutoka kwa maelfu, wana mabawa mapya, tayari kwa safari, na huangukia kwenye sufuria.

"Mwalimu, si huu ni uongo?" nilimwuliza siku moja.

"Ni uongo."

"Sasa?"

"Sasa piga vijiti, mama. Usipoteze mwendo."

Aliniita mama tangu nilipokuwa mdogo, kama wazee wa kwetu wanavyowaita wasichana. Baadaye neno hilo lilinikaa vibaya kwa muda, kisha nikalizoea.

Wazazi wangu walifariki mwaka mmoja, miezi michache kati yao. Nilikuwa darasa la saba. Nyuma yangu kulikuwa na watatu: Wekesa, Nafula, na Simiyu ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Baada ya mazishi ya mama, jamaa zetu walikaa kwenye viti vya kukodi chini ya turubai kutugawana. Wekesa aende Sirisia kwa baba mkubwa. Nafula apandishwe Kapsokwony, kuna shangazi ana duka. Simiyu, ataonekana wa kumchukua. Mimi nilikuwa nikipita na chai.

"Watoto hata hawana shida," alisema baba mkubwa. "Mtoto ni kama kumbikumbi, bana. Unamwachilia tu, anaangukia mahali, anamea."

Mwalimu alikuwa amekaa pembeni, kofia magotini. Hakuwa jamaa, hakuwa na haki ya kusema.

"Hawa si kumbikumbi," alisema. "Hawa ni wanne."

"Mwalimu, tunajua ni wanne."

"Basi wahesabu tena ukimaliza kuwatawanya."

Ilikuwa aibu kubwa kumwambia mtu hivyo kwenye matanga. Baba mkubwa alisimama, wengine wakamshika mkono. Lakini neno lilikuwa limesemwa, na mimi nikiwa na birika mkononi nikajikuta nimesema kwamba hakuna anayekwenda popote, nitakaa nao. Nadhani waliona nafuu. Hakuna aliyeniuliza nitawezaje, Mwalimu naye hakuniuliza. Hilo nilimwekea moyoni kwa miaka: alisema neno lile, tukabaki pamoja kwa sababu ya neno lile, kisha akavaa kofia yake akaenda kuhesabu ndege.

Sikurudi shuleni. Lakini wanafunzi wenzangu walinieleza jambo ambalo sikuliamini mpaka nilipokwenda mwenyewe kusimama chini ya dirisha. Madarasa mengine waliitikia rejista kwa Kiingereza, kwa Mwalimu ilikuwa lazima usimame na kusema, "Nipo, Mwalimu." Asubuhi ile nilimsikia akiita majina, akafika kwenye langu, akalisoma yote matatu, la ubatizo, la bibi na la baba, bila haraka. Akangoja. Kisha akasema yeye mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, "Yupo," na kalamu ikakwaruza karatasi.

Alifanya hivyo mwaka mzima. Mtu aliyewachapa watoto kwa ng'ombe wa kubuni aliandika uongo kila asubuhi mbele ya darasa zima, mpaka mwalimu mkuu alipoigundua rejista na kumwamuru alikate jina langu. Wanasema alilikata kwa rula, mstari mmoja ulionyooka.

Alikuwa na mambo mengi yasiyokubaliana. Aliwafukuza kwa mawe vijana waliotaka kukamata makinda ya korongo, lakini alikiri kwangu siku moja, tukipepeta kumbikumbi kwenye ungo, kwamba alipokuwa mtoto alikula mayai ya korongo.

"Yalikuwaje?"

"Matamu," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. "Tulikula na ndugu zangu, mayai ya viota vyote tulivyoviona. Vilikuwa vingi. Nani angefikiria?"

Aliwahubiria majirani wasilime bonde, na majirani walimsikiliza kwa adabu kisha wakatazama mikaratusi iliyosimama kwenye ukingo wa maji. Mikaratusi hiyo ilikuwa yake. Wanawe waliipanda wakati yeye bado anafundisha, na ilipokua ilikunywa bonde kama ng'ombe waliofunguliwa kiangazi. Aliwasihi waikate, wakamwambia, "Baba, na tutajenga na nini? Na ndege?" Alikuwa mpole sana kwa wanawe, kuliko alivyokuwa kwetu. Kila mwaka matete yalirudi nyuma hatua chache, na kila mwaka mtu alisogeza mahindi yake hatua hizo hizo. Mimi pia. Shamba letu la chini, lile lililotulisha, baba alipokuwa hai lilikuwa tope.

Hapo ndipo ilipokuwa shida ya korongo na watu. Mahindi yakianza kuchomoza, korongo hupita mstari kwa mstari wakivuta mche na kumeza mbegu iliyoko chini. Kwa watu wa bondeni hiyo ni njaa yenye taji. Mwalimu alilijua hilo, na hakuwahi kumwambia mtu ati avumilie. Badala yake alichunga. Kwa wiki mbili za kuchomoza, kila alfajiri mpaka jua likolee, alitembea mbele ya korongo wake na fimbo, akigonga mabuti yake polepole, akiwasogeza kutoka shamba hadi shamba mpaka kwenye matete, bila kuwarusha. Shamba la huyu, shamba la yule, shamba letu. Watu walimwona kichaa, lakini hakuna aliyetega sumu, kwa sababu hakukuwa na haja. Alifanya hivyo baada ya kustaafu na hata magoti yalipoanza kuvimba. Jirani mmoja, mzee aliyehamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, alimwambia, "Mwalimu, hata ng'ombe zangu hazijapata mchungaji kama wewe," na Mwalimu akafurahi kwa siku nzima.

Mwaka ninaotaka kuueleza, mvua zilichelewa na mchwa hawakuchelewa. Walikata mahindi yangu yakiwa ya kimo cha goti, wakayalaza chini kama yamefyekwa. Niling'oa, nikalima upya, nikatafuta mbegu nyingine. Nyumbani tulikuwa tunapika mara moja kwa siku. Nilikwenda Kitale, kwenye agroveti moja, duka la mbegu na dawa za shamba, karibu na stendi, nikamweleza kijana wa pale.

"Mama, chukua hii," alisema, akaniwekea pakiti ya unga wa zambarau. "Pakaza mbegu zote. Ukipanda, hakuna kitu kitagusa."

"Mchwa hawatagusa?"

"Nimekwambia hakuna kitu. Hakuna kitu kitagusa na kiishi."

Nilisikia. Mtu akiniuliza leo kama nilielewa, nitasema nilielewa. Katika siku hizo Mwalimu alikuwa Bungoma kwa binti yake, akipasuliwa jicho, na kabla ya kuondoka alikuwa amepita nyumbani kuniomba jambo moja tu: kama nitapanda tena akiwa hayupo, niwachunge korongo. "Asubuhi tu, mama. Gonga viatu, watasogea." Nikasema ndiyo. Nilichunga siku nne. Siku ya tano kulikuwa na kibarua cha palizi kwa mtu, na sikuweza kukiacha.

Nilimkuta mmoja wao jioni kwenye mstari wa tatu. Alikuwa amelala kifudifudi, mabawa wazi, taji limezama kwenye udongo. Mdomo ulikuwa na rangi ya zambarau. Yule mwenzake alisimama hatua chache kutoka hapo. Hakuruka nilipokaribia. Alisogea kidogo, akasimama tena.

Nilimtia kwenye gunia. Ni mwepesi sana, korongo, kwa urefu ule unategemea uzito mwingine. Nilimpeleka kwenye kichuguu cha mpakani, upande ambao mnyama fulani alikuwa amechimba shimo kubwa zamani, nikamsukuma ndani na kuziba kwa udongo na mawe. Kisha nikapita kila mstari nikiufukia, nikafukuza yule mmoja kwa kelele mpaka akaenda kwenye matete. Mahindi yale yalikua. Tulivuna. Mchwa nao walirudi baada ya wiki chache kama vile hawajawahi kuondoka.

Mwalimu aliporudi, jicho bado limefungwa kitambaa, alipanda kichuguu na kuhesabu kwa lile lingine. Nilikuwa nimesimama upande wetu wa ua. Alitazama kwa muda mrefu. Akafungua kitambaa ili ahesabu kwa macho yote mawili.

"Mama, mwingine yuko wapi?"

"Sijui, Mwalimu."

Aliamini. Hakuniuliza rangi ya ng'ombe wala mwenye ng'ombe. Alisema huenda amekwenda kutazama mahali pa kiota, mwaka ule maji yalikuwa machache. Akaandika moja, na pembeni yake akaweka alama ya kuuliza.

Alimtafuta. Alizunguka bonde lote kwa miguu ile iliyovimba. Alikwenda Kitale kuuliza kwenye ofisi ya wanyamapori, wakamwambia aandike barua, akaandika. Alisikia kwamba kuna korongo ameonekana upande wa Kapsokwony, akapanda boda mpaka huko kwenye miteremko ambako hata kinamasi hakuna, akarudi amelowa mpaka kwenye koti. Nilimpa chai. Alikaa jikoni kwangu, mvuke ukitoka mabegani, akanieleza jinsi alivyodanganywa: kumbe alikuwa mbuni wa saruji kwenye geti la mtu. Alicheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka naye.

Yule mmoja alikaa mpaka mwaka uliofuata. Alisimama mahali pale pale, karibu na mstari wa tatu, wakati wa mvua na wakati wa jua, kisha asubuhi moja hakuwepo. Mwalimu hakuandika sufuri. Aliandika: *Amemfuata mwenzake. Mahali hapajulikani.* Alinionyesha, amefurahi karibu kama mtoto. Kwa hesabu yake walikuwa bado wawili, mahali fulani.

Na msimu wa kumbikumbi ulipofika tulikipiga kichuguu kile, mimi na yeye, vijiti viwili kila mmoja. Sufuria ilijaa. Alikula wa kwanza wakiwa wabichi, wakitapatapa, akitema mabawa pembeni. Nilimtazama akila. Sikuweza kumeza hata mmoja, nikasema tumbo linauma. Huo ulikuwa uongo wa pili, na baada ya huo sikuhesabu tena.

Wadogo zangu wako wapi sasa? Wekesa yuko Sirisia, hatimaye alimfuata baba mkubwa, analima tumbaku. Nafula aliolewa Kapsokwony, simu yake hupatikana akipanda juu ya kilima. Simiyu ana pikipiki mjini Bungoma. Walikwenda mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu nzuri. Nyumba tuliyobanana ndani yake ni kubwa mno kwangu. Shamba la chini halitoi tena. Bonde limekauka, udongo umekuwa mweupe na mgumu, na mikaratusi imekatwa wakati ambapo haikuwa na maana tena kuikata.

Mwalimu alipooza upande mmoja, wanawe wakampeleka Bungoma kwa binti yake. Nilichelewa kwenda kumwona. Nilikuwa na kazi, nilijiambia. Mwaka huu mvua za kwanza zilipokaribia nilikipiga kichuguu peke yangu, nikakaanga, nikajaza kopo, nikaenda.

Binti yake, mwalimu pia, alinipokea mlangoni akaninong'oneza kabla sijavua viatu. "Atakuuliza kuhusu ndege. Sema wameonekana. Sisi tunamwambia wameonekana."

"Mnamwambia wapi?"

"Popote tu. Jana tulisema Saboti. Anatulia, analala. Daktari alisema tusimsumbue."

Alikuwa kitini karibu na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mkono wa kulia ulikuwa umelala magotini, umekufa. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa na kazi, na kazi ya kwanza uliyofanya ni kuingia kwenye kopo. Binti alileta sahani, akatuwekea kumbikumbi juu yake, akaenda jikoni akiacha mlango wazi.

"Wa mpakani?" aliuliza. Maneno yalitoka yakiburuta, lakini yalikuwa yake.

"Wa mpakani, Mwalimu."

Alitafuna. Alifumba macho. "Umekaanga na chumvi kidogo. Vizuri." Kisha akayafumbua. "Wameonekana?"

Jikoni maji yalifungwa. Nilijua binti yake anasikiliza.

"Hawa wa hapa huniambia wameonekana," alisema Mwalimu. "Saboti. Kiminini. Juzi walikuwa Webuye, kwenye kiwanda." Upande mmoja wa mdomo wake ulicheka. "Kwa hiyo nakuuliza wewe. Wewe hujawahi kunidanganya."

Nilikuwa nimekuja na jibu. Nililirudia kichwani njia nzima: nimewaona, Mwalimu, kwa mbali, wawili. Ingekuwa rahisi na angelala. Lakini alikuwa ananitazama kwa lile jicho alilolifungua siku ile juu ya kichuguu, na aliamini, na nikaona kwamba nikisema hivyo nitakuwa nimemzika naye kwenye shimo lile, nimeziba kwa mawe.

Nikamwambia. Unga wa zambarau, siku nne, siku ya tano, mstari wa tatu, gunia. Nilisema yote kwa mpangilio, kama alivyotufundisha kusema. Binti yake alikuja akasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, na hakuingia.

Mwalimu aligeukia dirishani. Nje mtu alikuwa akigongelea bati.

"Alikuwa dume au jike?"

"Sijui, Mwalimu."

"Ulipaswa kuangalia. Ulimzika wapi?"

"Kichuguuni. Kile chetu."

Aliitazama sahani. Nilitaka kuiondoa, nikainua mkono, akanizuia kwa kidole kimoja.

"Daftari," alimwambia binti yake.

Lililetwa kutoka chini ya mto wa kitanda. Alilifungua kwa mkono wa kushoto, akilamba kidole, nyuma, nyuma zaidi, tarakimu mbili baada ya mbili baada ya mbili, mpaka kwenye ukurasa wenye moja na alama ya kuuliza. Akanisukumia pamoja na kalamu.

"Andika wewe. Mimi mkono hauna."

"Niandike nini?"

"Kata hiyo alama. Andika: amekufa. Andika siku."

Niliandika. Mkono wangu haujazoea kalamu; herufi zilitoka kubwa, za darasa la saba.

"Sababu."

"Dawa ya mchwa."

"Andika. Aliyeweka."

Nilimtazama.

"Rejista niliwahi kuidanganya mara moja," alisema. "Hii hapana. Andika jina. Yote matatu."

Niliandika majina yangu matatu. Akavuta daftari karibu, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akasoma chini ya pumzi. Kisha akainua kichwa na kuyaita kwa sauti, moja baada ya jingine, kama alivyoyaita kila asubuhi mwaka ule nikiwa nyumbani na Simiyu mgongoni. Ulimi ulimshinda kwenye la mwisho, akalirudia mpaka likatoka. Akangoja.

Safari hii hakuna aliyeitikia kwa niaba yangu. Nilisimama. Kiti kilikwaruza sakafu.

"Nipo, Mwalimu."

Alichukua kalamu kwa mkono wake wa kushoto, ule aliotumia kula kumbikumbi, na kwa taabu kubwa akaweka alama pembeni ya jina. Akageuza kurasa mpaka kwenye ile aliyoandika kwamba amemfuata mwenzake. Aliitazama tu. Hakuniambia niikate, nami sikuikata. Akafunga daftari.

Nilibaki nimesimama, kwa sababu hakuwa ameniambia nikae. Baada ya muda alivuta sahani mpaka ukingoni mwa meza, upande wangu.

"Kula, mama," alisema. "Hawa ni wengi."